Risasi Zinazopanda na Kushuka

Risasi ya nne ilitoboa karatasi upana wa kiganja juu ya ile ya tatu, na Merrin Dalgleish hakutukana. Alifungua bunduki, akatoa ganda lililokuwa bado na moto, akalirudisha kwenye tundu lake ndani ya kisanduku, kisha akapiga ya tano. Ya tano ilishuka ikakaa chini ya zote.

Aliinuka, akapangusa viwiko, akaenda kuitazama karatasi kwa karibu. Mwaka uliopita bunduki hii hii, kwa risasi alizozishindilia baruti mwenyewe kwenye meza ile ile, ilikuwa ikiweka matundu yake matano mahali panapofunikwa na ukucha wa dole gumba. Sasa matundu yalijipanga wima kama vifungo vya shati.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kuudhi tu. Kwa Merrin lilikuwa jambo la Struan Kettlewell.

Struan alikuwa jirani yake ng'ambo ya kijito, kwenye bonde la Hakataramea. Majira ya kuchipua yaliyopita, kondoo walipokuwa wakizaa, alikuja na pikapu hadi mlangoni kwa Merrin akiwa na gunia la sufu huko nyuma. Ndani ya gunia alikuwemo Tarn, mbwa jike wa Merrin wa kuwindia, mwenye manyoya magumu kama brashi, amekufa kwa risasi ya bega.

"Alikuwa anawakimbiza kondoo wangu," Struan alisema, kofia yake kichwani. "Sheria unaijua, Mwalimu. Mbwa akiingia kwenye kondoo, mwenye kondoo anapiga."

"Kondoo gani kaumia?"

"Sikungoja aumie hata mmoja."

Bonde zima lilimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha kemia huko Oamaru mpaka alipostaafu na kurudi kwenye shamba la wazazi wake, na nusu ya wakazi wa pale walikuwa wamewahi kuunguza mikono ya mashati yao katika maabara yake. Struan alipoondoka, Merrin hakulia kwanza. Alimlaza Tarn mezani, akamfungua mdomo, akachunguza kati ya meno kwa lenzi ya kukuzia, kisha kucha, kisha manyoya ya kidevuni. Hakuona sufu. Hakuona damu isiyo ya Tarn mwenyewe. Baada ya hapo ndipo akalia, akamzika chini ya mti wa uani, na wiki ile ile akavuta waya wa umeme kwenye mpaka wote, kutoka barabarani hadi korongoni. Alinunua mashine ya uzio, ile inayosukuma umeme kwenye waya, yenye nguvu kuliko zote zilizokuwa dukani, akaifunga kwenye ukuta wa banda lake la kazi, akakita vyuma vya ardhini pembeni mwa msingi. Hakutaka kondoo hata mmoja wa Kettlewell ale jani lake.

Hicho ndicho kitu pekee alichokifanya kwa hasira. Mengine aliyafikiria.

Polisi hakwenda. Kisheria Struan alikuwa na haki kwa ushahidi wa mtu mmoja, naye ndiye mtu huyo. Kwa hiyo Merrin alijiuliza Struan anapenda nini. Mke alikuwa amemkimbia zamani. Shamba alilichukia. Alichopenda ni kulungu mmoja.

Alimwita Askofu, kwa jinsi pembe zake zilivyokutana juu kama kofia ya kanisani. Alikuwa dume la porini, kubwa, lenye shingo nyeusi, na kila msimu wa madume kunguruma Struan alikuwa akimpata kwenye darubini ya bunduki yake na kumwachia apite, azidi kukomaa. Hadithi hiyo aliisimulia mpaka baa yote ikaijua. Mwaka huu ndio ulikuwa wake wa mwisho. Baada ya Pasaka angekwenda Dunedin kupasuliwa magoti, na daktari alishamwambia kwamba milima basi. Juu ya moto wake wa sebuleni alikuwa ameshaondoa picha ya harusi ili pembe zipate nafasi.

Lakini kulungu wa porini hana mwenyewe. Akivuka kijito akasimama kwenye majani ya Merrin, ni wa Merrin, kwa sheria ile ile ambayo Struan aliitaja akiwa na kofia kichwani. Merrin angempiga kabla ya Struan, kwenye ardhi yake, na kichwa angekiweka juu ya nguzo ya lango la mpakani, kikitazama dirisha la jiko la Struan.

Kulikuwa na sehemu moja tu ya kumpigia. Korongo lililojaa vichaka vya miiba vya matagouri lilifunguka kwenye uwanda mdogo kando ya kijito, na uwanda huo ulionekana vizuri kutoka ukingo mmoja tu, ulio umbali wa zaidi ya mita mia tatu. Hapo angepata risasi moja. Kwa bunduki inayotawanya kiganja kizima kwa mita mia, risasi hiyo ingepita juu ya mgongo, au ingevunja mguu, na Struan angesikia mlio, angevuka, angemmalizia mwenyewe. Kujeruhi si kisasi, Merrin alijiambia. Kujeruhi ni uzembe.

Basi alianza kutafuta ugonjwa kama alivyowafundisha watoto wa watu: unabadilisha kitu kimoja, unapima, unarudi.

Alianza na bunduki yenyewe, maana ndiyo yenye skrubu. Alizikaza zote, za darubini na za kitako. Matundu yakapanda na kushuka. Alivua darubini, akafunga ile ya bunduki ya marehemu baba yake. Yakapanda na kushuka. Alipitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao, kikateleza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kugusa popote. Alizungusha pamba kwenye mdomo wa mtutu kuona kama kuna kovu litakalonasa uzi, halikuwapo. Alisugua ndani ya mtutu kwa dawa yenye harufu ya mkojo wa farasi mpaka vitambaa vikaacha kutoka na rangi ya bluu ya shaba. Mwishowe alinunua sanduku la risasi za kiwandani, akapiga tano. Hazikuwa nzuri, lakini zilikusanyika mviringo, zikaenea kama sarafu. Hazikusimama wima.

Basi bunduki haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye risasi alizozishindilia kwa mkono wake.

Kwa muda alijiruhusu kudhani kwamba Struan aliingia bandani akachezea baruti. Wazo hilo lilikuwa tamu, kwa hiyo akalitilia shaka. Alinyunyiza unga kwenye kizingiti, akaukagua kila siku, na alama pekee alizoziona zilikuwa za viatu vyake na za panya. Akarudi kwenye maganda. Aliyapanga upya kwa kiwanda na kwa idadi ya mara yalizokwisha kutumika, akayakata yalingane urefu, akasafisha kwa sindano matundu ya fataki, zile zinazowasha baruti. Alifungua kopo jipya la baruti. Mizani, ile ya dijitali inayopima hadi sehemu ya kumi ya punje, kipimo cha uzito wa baruti, aliijaribu alasiri moja kwa jiwe lake la shaba, nayo ikasoma sawasawa. Akashindilia tena asubuhi, kabla upepo haujaanza kupuliza bandani, kama kawaida yake.

Matundu yakapanda na kushuka.

Duka la vifaa vya shamba kule Kurow lilikuwa la Ngaire Tipoki, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyekuwa rafiki wa Merrin tangu wakiwa wasichana. Siku Merrin alipoingia kununua fataki, Struan alikuwa kwenye kaunta na pai la nyama mkononi, mguu mmoja ameupumzisha juu ya mfuko wa chumvi ya mifugo.

"Ala, Mwalimu!" alisema. "Jana nilidhani vita vimeanza ng'ambo. Unaua nini kule, mlima?"

"Karatasi."

"Na karatasi inasemaje? Maana mimi kwa darubini yangu naona matundu yanapanda na kushuka kama mtu anayetafuta choo gizani."

"Unanichungulia, Struan?"

"Natazama malisho yangu. Karatasi yako imesimama nyuma yake, nifanyeje?" Alimega pai. "Nunua za dukani, mama. Kushindilia risasi si kuchemsha chumvi na watoto wa shule."

"Na magoti yako je, yanapanda na kushuka?" Ngaire alidakia. "Hebu toka hapo, unanimwagia makombo kaunta nzima."

Struan alicheka, akachechemea hadi mlangoni. "Magoti yatangoja. Nina miadi na Askofu kwanza. Siku ya Pasaka yenyewe, nimeshaamua." Akageuka. "Ukisikia mlio mmoja, Mwalimu, mmoja tu, ujue ndiyo mimi."

Mlango ulipofungwa Ngaire alipangusa kaunta kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Usimjibu, shoga yangu. Akili zake zote zimo kwenye pembe."

"Sikumjibu."

"Ndiyo maana naogopa. Ungemtukana ningelala vizuri."

Merrin alikuwa akifikiria kitu kingine. Struan alikuwa ameona matundu yanasimama wima. Yeye mwenyewe alikuwa ameyaona hivyo tangu siku ya kwanza na hakuyapa uzito wa kutosha. Risasi inayokwenda pembeni inaweza kuwa upepo, au bega, au kidole. Risasi inayokwenda juu na chini ni mwendo. Moja ilikuwa inatoka haraka, nyingine polepole.

"Kile kipimamwendo cha risasi cha marehemu mumeo," alisema, "bado unacho?"

Ngaire alikileta mwenyewe asubuhi iliyofuata, pamoja na skonzi zilizofungwa kwenye taulo. Walikitega mbele ya bunduki na Merrin akapiga. Namba zilizotokea zilitofautiana vibaya mno, na kila namba ndogo ilikuwa na tundu lake chini, na kila namba kubwa lake juu. Ngaire alitazama namba, akatazama karatasi, akasema kwamba hata yeye angeweza kulifaulu somo hili.

"Ni baruti," Merrin alisema. "Nyingine zimejazwa zaidi."

"Si unapima?"

"Napima kila moja."

"Basi mizani inakudanganya."

"Nimeijaribu. Ilikuwa sawa."

Walirudi bandani. Nje umande ulikuwa bado mzito, majani yameinama hadi kwenye waya wa uzio. Merrin alifunga mlango, akawasha mizani, akaweka kisahani chake na kuanza kumimina baruti kwa kijiko kidogo, kama alivyofanya kila asubuhi. Ukutani nyuma yake mashine ya uzio ilikuwa ikigonga taratibu. Mlio huo alikuwa ameuzoea kama watu wanavyoizoea saa ya ukutani.

Ngaire alikaa kwenye ngazi ya mbao, akaona redio ndogo juu ya rafu. "Hii imekufa?"

"Haijafa. Sijaiwasha tu."

"Tangu lini?"

Merrin alimimina kijiko kingine. Chini ya meza kulikuwa na gunia lililokunjwa, bado limebonyea kwa umbo la mbwa. Tarn hakuvumilia banda lililo kimya. Alikuwa akinung'unika mpaka awashiwe matangazo ya mbio za farasi, ndipo alale. Ngaire alilitazama gunia, akaelewa, na akaiwasha redio hata hivyo, kwa sababu Ngaire hakuweza kukaa kimya hata kanisani.

Mtangazaji alikuwa akiwapeleka farasi kwenye kona ya mwisho. Katikati ya maneno yake sauti ilikatwa na mkwaruzo mfupi, ikaendelea, ikakatwa tena.

"Redio yako ina kwikwi," Ngaire alisema.

Merrin alikwisha kunyoosha mkono kuizima. Mkono ukasimama. Hakuna nyumba katika bonde lile isiyoijua kwikwi hiyo. Uzio wa umeme ukivuja, hasa kwenye umande, majani yanapougusa waya na mashine ikazidi kusukuma, redio hukohoa hadi sebuleni kwa jirani. Tangu aifunge mashine ile hajawahi kuisikia redio yake ikikohoa, kwa sababu tangu aifunge mashine ile redio haijawahi kuwashwa.

Aligeuka taratibu akatazama mizani.

Namba ya mwisho iliruka. Redio ikakohoa. Namba ikarudi. Redio ikakohoa, namba ikaruka, na safari hii haikurudi pale ilipokuwa.

"Usizime," Merrin alisema.

"Mimi? Wewe ndiye uliyetaka kuzima."

Alimimina baruti nje, akaweka jiwe la shaba. Jiwe lilikuwa na uzito sahihi, kisha likazidi, kisha likapungua, bila mtu kuligusa. Alasiri ile alipolijaribu majani yalikuwa yamekauka. Alikuwa ameipima mizani saa isiyougua, akaitumia saa inayougua. Mwanafunzi wa kidato cha pili angepunguziwa maksi kwa hilo.

Hata hivyo hakuamini bado. Kabatini kulikuwa na mizani ya zamani isiyotumia umeme, ya mkono mmoja mrefu na mawe madogo ya kusogeza, ambayo shule ilitaka kuitupa. Aliipangusa vumbi. Aling'oa vichwa vya risasi zilizobaki kwenye kisanduku, akapima baruti ya kila moja upya huku Ngaire akila skonzi na kusoma namba kwa sauti. Hakuna mbili zilizolingana. Kisha Merrin akaenda ukutani, akachomoa plagi ya mashine. Kugonga kukakoma. Farasi wakakimbia bila kwikwi. Namba za mizani zikasimama kama zimepigiliwa misumari.

Alibaki ameshika plagi. Alikuwa ameifunga mashine ile pale siku aliyokuwa na hasira, hatua mbili kutoka mezani, wakati angeweza kuifunga kwenye banda la kukatia kondoo manyoya kama mtu yeyote mwenye akili. Kila asubuhi hasira ile ilikuwa ikiipiga mizani yake teke.

"Basi ihamishe," Ngaire alisema.

"Nitaizima tu."

"Na kondoo wa Struan?"

"Waache wale."

Ngaire aliacha kutafuna. Alimfahamu Merrin vya kutosha kujua kwamba mtu anayewasamehe kondoo wa Struan ana jambo jingine kwa Struan mwenyewe. Alimwachia skonzi zilizobaki na kipimamwendo.

Merrin alishindilia risasi mpya banda likiwa halina umeme wa uzio. Hakuzijaribia mahali pake pa kawaida. Alizipeleka nyuma ya kilima, kwenye shimo la zamani la kuchimbia changarawe, ambako darubini ya Struan haifiki. Matundu matano yalikuja yakashikana yakawa tundu moja lenye kingo za kuchanika. Alilifunika kwa ukucha wa dole gumba, akaubakisha pale kwa muda.

Kisha alirudi nyumbani, akabandika karatasi nyingine mahali pa kila siku, mbele ya malisho ya Struan, akalala nyuma ya gunia la mchanga na kupiga vibaya. Hii juu. Hii chini. Hii juu zaidi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupiga vizuri, kwa sababu kila tundu lilipaswa kuonekana la kweli. Upande wa pili wa kijito kioo kilimeta mara moja kwenye kibaraza cha Struan. Merrin alitikisa kichwa kwa kukata tamaa, kwa ishara kubwa ya kutosha kuonwa, akaikusanya mikoba yake.

Uzio hakuuwasha. Alikusudia kuuwasha akimaliza kushindilia, lakini alipokwenda kutazama waya karibu na korongo aliona nyayo kwenye tope, upande wake wa kijito. Zilikuwa ndogo na nyembamba, za kulungu majike. Tangu majira ya joto hakuwa ameona hata unyayo mmoja pale, naye alidhani ni chumvi ya mifugo aliyoiweka Struan ng'ambo inayowavuta. Haikuwa chumvi. Kulungu hugusa kitu kigeni kwa pua kwanza, na majike ya korongo lile yalikuwa yamegusa waya wake yakajifunza. Dume lenyewe lingeweza kuruka uzio wowote, lakini msimu wa kunguruma dume haendi mahali pasipo na majike. Waya aliouvuta kumkomoa Struan ndio uliokuwa ukimwekea Struan kulungu wake.

Hakulitafakari hilo sana. Aliacha plagi ikining'inia.

Siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, mwanga ulipoanza kutosha kuona, Merrin alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, bunduki imeegemea mkoba, kofia ya sufu imeshuka hadi nyusi. Baridi ilimpanda kutoka ardhini. Ndani ya korongo Askofu alinguruma, sauti nzito ya kukwaruza kama mtu anayeburuta meza sakafuni, na kutoka mbali, kwenye mlima wa Struan, dume jingine dogo likajibu kwa uoga.

Majike yalitoka kwanza. Yalisimama kwenye kijito, yakanusa, yakavuka waya uliokufa moja baada ya jingine kama wanawake wanaokunja sketi. Yalikula majani ya Merrin. Kisha vichaka vya matagouri vikafunguka na Askofu akatoka, pembe zimechukua vipande vya majani makavu, shingo imevimba, pumzi inamtoka kwa wingu. Aliruka waya bila haraka. Alikuwa mzuri. Merrin aliliona hilo na kulikubali kama anavyokubali halijoto ya siku. Halikubadilisha chochote.

Alimngoja ageuke ubavu. Alitazama nyasi zilizo karibu naye zikisema upepo gani. Hakumfikiria Tarn wala Struan. Alifikiria kidole chake tu, kikirudi nyuma polepole, sawasawa, mpaka bunduki ikalia yenyewe.

Askofu alikimbia hatua chache kama aliyekumbuka jambo, akaanguka kwa magoti ya mbele, kisha ubavu. Hakuinuka.

Mlio ulikwenda ukagonga mlima wa Struan, ukarudi. Mlio mmoja, mmoja tu.

Alimpasua pale pale, akautazama moyo, akaona tundu lilipopita, akaridhika. Nyama aliipeleka kwenye chumba cha baridi. Paja moja lingekuwa la Ngaire. Kichwa alikibeba nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne hadi langoni, akakiinua juu ya nguzo, akakifunga kwa waya, akakigeuza kidogo kushoto mpaka kikalitazama dirisha sawasawa. Kisha akakaa juu ya pikipiki na kungoja.

Struan alikuja kwa miguu, akichechemea, akishuka malisho yake yote bila kusimama. Alifika upande wake wa waya. Alitazama juu. Akavua kofia.

Merrin aliliona hilo. Kwa Tarn hakuivua.

"Moyo?" Struan aliuliza.

"Moyo."

"Nilisikia mlio mmoja."

"Ulisema nikisikia mlio mmoja nijue ndiyo wewe. Kosa dogo tu, ulikosea mtu."

Struan aligeuza kofia mikononi. "Ni uzio, siyo? Ulioharibu mizani yako."

Kwa mara ya kwanza siku ile Merrin alikutana na jambo asilolitarajia. "Ulijua."

"Mizani yangu ya baruti ilinifanyia hivyo hivyo mwaka nilioifunga mashine yangu. Nilipoona matundu yako yanasimama wima nikajua siku ile ile. Nilicheka mpaka nikaketi."

"Na hukusema."

"Ungekuwa wewe, ungeniambia?"

"Nisingekwambia."

"Basi." Alitema mate pembeni. "Lakini juzi ulipiga ovyo vile vile. Nilikutazama kwa macho yangu."

"Juzi nilipiga nilipotaka."

Struan alitoa kicheko kifupi kisicho na furaha ndani yake. Alinyoosha mkono juu ya waya, kwa woga kwanza, kisha alipoona haukumpiga akashika pembe. Alizipapasa ncha zake moja moja kama kipofu. "Miaka yote hiyo nilimwacha apite," alisema. "Nilimlenga nikamwacha. Unajua inavyokuwa, kumlenga ukamwacha?"

"Najua ulivyompenda. Ndiyo maana nilimchagua yeye."

Merrin alishuka kwenye pikipiki, akaja mpaka kwenye nguzo, kichwa kikiwa katikati yao.

"Tarn alikuwa na sufu mdomoni?"

"Mwalimu, hayo—"

"Alikuwa nayo au hakuwa nayo?"

Struan alitazama majani. "Alikuwa anakimbia kando ya kijito tu. Anafukuza ndege, sijui. Kondoo wakashtuka wakaanza kukimbia, nami bunduki nilikuwa nayo mkononi tayari." Aliishika pembe kwa nguvu zaidi. "Hapakuwa na sufu."

"Najua. Nilimkagua."

"Sasa unaniuliza nini, mama, kama unajua?"

"Kipimo kimoja hakitoshi."

Upepo wa asubuhi ulianza, ukapindua manyoya meusi ya shingoni mwa Askofu. Struan bado alikuwa ameshika pembe. Uso wake ulikuwa umezeeka kuliko ule wa dukani.

"Basi tumelipana," alisema. "Sema tumelipana."

Merrin alilifikiria ombi lile kwa haki, kama alivyofikiria maswali ya wanafunzi hata yale ya kijinga.

"Hatujalipana," alisema. "Lakini mimi nimemaliza." Akarudi kwenye pikipiki, akachukua bunduki tu, pikipiki akaiacha. "Uzio nimeuzima, umeshaona. Naenda kuuwasha. Una muda wa kumuaga, wa mimi kutembea kutoka hapa mpaka bandani."

Alitembea mwendo wake wa kila siku, hakuuongeza wala hakuupunguza. Bandani alipachika bunduki kwenye ndoano zake, akachomeka plagi. Mashine ikaanza kugonga. Aliwasha redio. Mbio zilikuwa hazijaanza; mtangazaji alikuwa akitaja majina ya farasi, na baada ya kila jina redio ikakohoa.

Kupitia dirishani aliona Struan amesimama hatua moja kutoka kwenye waya, kofia kifuani, mikono yake ameikusanya kwake, akitazama pembe asizoweza tena kuzifikia. Merrin aliongeza sauti.